Kutoka Kigoma: Nafasi, Kampala, Kigali au Nairobi? Pa kuona sanaa ya leo na pa kupeleka kazi zako

Msanii wa Kigoma, na hata wa Tabora, yuko mbali na kumbi zote zinazotajwa kwenye habari za sanaa. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kigali na Kampala ziko karibu zaidi kwenye ramani, ila katikati kuna mpaka. Kila safari ni gharama, na ukikosea pa kwenda umepoteza nauli, muda na pengine picha yenyewe. Maelezo haya yanawahusu watu wawili: anayetaka kwenda kuona maonyesho, na anayetaka kazi zake zitundikwe.

Jibu letu tunalitanguliza. Kama hujawahi kupeleka kazi nje ya mkoa, anza na Nafasi Art Space, Dar es Salaam. Kama unakwenda kuona tu na una fedha ya safari moja, nenda Kampala. Kigali inafaa kwa safari fupi na kwa kundi linalofikiria kufungua studio ya pamoja. Nairobi nenda ukitaka kuijua historia ya uchoraji wa Afrika Mashariki, au ukiwa tayari una wanunuzi wanaokujua kwa jina.

Uliza kwanza nyumba hiyo inafanya kazi gani

Watu huuliza ukumbi upi ni bora, na hapo ndipo wanapopotea. Nyumba za sanaa hazifanyi kazi moja. Ipo nyumba ya kufanyia kazi, yenye studio, ambako maonyesho ni matokeo ya kinachotengenezwa humo ndani. Ipo nyumba ya biashara, inayochukua wasanii wachache, ikawasimamia, ikawauza kwa miaka. Ipo taasisi isiyouza kabisa, inayoonyesha, kuhifadhi na kufundisha. Na ipo studio ya kundi fulani, ambayo kuta zake ni za wenyeji wake.

Ukipeleka picha ya kuuza kwenye taasisi isiyouza utarudi nayo, hata iwe nzuri namna gani. Ukienda nyumba ya biashara na picha tatu begani bila miadi, utaambiwa uache namba ya simu. Msanii huondoka akidhani kazi yake imekataliwa, kumbe hata haijatazamwa.

Nafasi, Dar es Salaam

Nafasi ilianza mwaka 2008. Ipo Mikocheni B, eneo la viwanda vidogo, barabara ya Eyasi. Studio zake nyingi ni makontena ya meli yaliyokatwa milango na madirisha, na pana ukumbi wa maonyesho na jukwaa. Mgeni anayefika mchana wa kawaida anaweza kumkuta msanii kazini na kuzungumza naye, jambo ambalo kumbi nyingi hazina. Ina pia mafunzo yake, Nafasi Academy.

Kwa mtu wa Kigoma faida ya kwanza ni kwamba hakuna mpaka wa kuvuka. Ya pili ni lugha: maelezo ya kazi yako unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, ukasimama mbele ya picha ukaulizwa maswali na ukajibu kwa lugha unayoifikiria. Hilo si dogo. Maelezo mengi ya wasanii wetu huharibika pale yanapoandikwa kwa Kiingereza cha kuazima, yakajaa maneno makubwa yasiyohusiana na picha.

Pa kuteleza pako hapa: kutuma kazi zisizofanana. Msanii anatuma simba wa Tingatinga, picha ya sura ya kiongozi, na machweo ya Ziwa Tanganyika, akitaka kuonyesha kwamba anaweza kila kitu. Anayechagua haoni mtu, anaona duka. Tuma kazi tano hadi kumi zenye wazo moja, nyenzo zinazoelekeana, na zilizofanywa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kama wazo lako ni wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na taa zao, basi ziwe taa na wavuvi mwanzo hadi mwisho.

Tingatinga yenyewe iheshimiwe. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianzisha uchoraji wake kwa rangi ya enameli juu ya ubao laini, na mtindo ukaenea duniani. Ila una nyumba yake: ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Anayechora Tingatinga safi aende huko kwanza, atapata walimu na wanunuzi wanaokuja mahsusi kwa mtindo huo.

Upungufu wa Nafasi ni kwamba nguvu yake ipo kwenye kukuza msanii kuliko kumtafutia mnunuzi. Ukitegemea nauli ya kurudi itoke kwenye mauzo, utakwama.

Kampala: nyumba mbili za kazi mbili tofauti

Kampala tunaiweka juu kwa mtazamaji kwa sababu ndani ya siku mbili unaona namna mbili tofauti kabisa za kuendesha sanaa.

Afriart Gallery ilianzishwa na Daudi Karungi mwaka 2002, na sasa ipo eneo la viwanda la jiji. Ni nyumba ya biashara hasa: wasanii wachache, maonyesho machache yaliyopangwa vizuri, na safari za maonyesho ya nje. Mtanzania anayefahamika zaidi humo ni Sungi Mlengeya, aliyezaliwa mwaka 1991, aliyejifunza kuchora mwenyewe na kuacha kazi ya benki mwaka 2018 ili achore. Maonyesho yake binafsi, *Just Disruptions*, yalifanyika hapo mwaka 2021.

Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya picha ya Mlengeya, isogelee. Ngozi za wanawake anaowachora zimejengwa kwa rangi ya akriliki, kahawia juu ya kahawia hadi nyeusi, na mwanga umeachwa kwenye paji la uso, bega na kiwiko. Nguo hazikuchorwa. Zimeachwa nyeupe, zikaungana na weupe wa nyuma, kiasi kwamba jicho lako ndilo linalomalizia pindo la gauni kutokana na pale mkono unapoishia. Kwenye simu picha hizi huonekana kama mchoro rahisi. Ana kwa ana unaona kwamba kazi kubwa ilikuwa kuamua mstari wa ngozi ukome wapi. Mchoraji anayejaza kila kona ya turubai ajifunze hapo.

Katika nyumba hiyohiyo kuna Stacey Gillian Abe, anayechora watu wenye ngozi ya rangi ya nili na kutarizi kwa uzi juu ya turubai. Yupo pia Sanaa Gateja, anayejenga kazi kubwa kwa shanga za karatasi zilizokwishatumika, akizishona juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho Waganda wamekitengeneza kwa karne nyingi. Fundi wa ushonaji au ususi wa Kasulu au Urambo akiona kazi ya Gateja ataelewa kwamba ufundi wa mikono hauhitaji kugeuzwa uchoraji ili uitwe sanaa ya kisasa.

Kwa upande wa kupeleka kazi, Afriart si mlango wa mwanzo. Inachagua msanii, haichagui picha. Tuma barua pepe yenye picha kumi, maelezo ya nusu ukurasa na historia yako ya maonyesho. Ukipita miezi miwili kimya, andika mara moja tena, kisha endelea na mambo yako.

32° East, iliyoanza mwaka 2011 na yenye makazi yake Kabalagala, ni kitu kingine. Haikujengwa juu ya mauzo. Inatoa studio kwa muda, maktaba ya vitabu vya sanaa, na mazungumzo na wasanii wengine, na ndiyo inayoandaa tamasha la KLA ART jijini. Kwa msanii wa Kigoma asiye na mahali pa kusoma kuhusu sanaa ya Afrika, maktaba hiyo peke yake ni sababu ya kwenda. Ukiona wito wao wa wasanii, omba kwa mradi unaohitaji muda na utafiti. Ombi la kuja kumalizia picha zilizokwisha kuanza halina uzito.

Bado una saa moja Kampala? Panda Makerere. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, na humo walipita Watanzania Sam Ntiro na Elimo Njau.

Nairobi: historia yetu ipo huko zaidi ya tunavyodhani

Nairobi Contemporary Art Institute, maarufu kama NCAI, ilianzishwa na mchoraji Michael Armitage, na ukumbi wake upo Rosslyn Riviera, barabara ya Limuru. Haiuzi. Kazi yake ni kuonyesha na kuhifadhi kumbukumbu ya wasanii wa ukanda huu, na ilifungua ukumbi huo mwaka 2022 kwa maonyesho ya mchoraji mkongwe wa Kenya, Sane Wadu. Armitage mwenyewe anachorea lubugo badala ya turubai, akiacha matundu na mishono ya gome ionekane ndani ya picha.

Mtanzania akienda Nairobi hukutana na watu wa kwao. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alianzisha kituo cha Paa ya Paa huko mwaka 1965. Ntiro, mtu wa Machame, alichora mwaka 1956 picha ya watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na picha hiyo imo kwenye makumbusho ya MoMA, New York. Inasikitisha kwamba mwanafunzi wa sanaa wa Tabora anaweza kumaliza shule bila kuyasikia majina haya.

Kwa mauzo, Circle Art Gallery ya mwaka 2012 ndiyo inayoendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2013. Kwa msanii mchanga, mnada tunaushauri kwa kujizuia. Bei ya mnada ni ya wazi. Picha yako ikikosa mnunuzi, au ikaenda chini ya bei unayouzia nyumbani, kila mnunuzi wako atajua. Mnada ufuate soko, usilitangulie.

Kigali

Inema Arts Center ipo Kacyiru. Ilianzishwa mwaka 2012 na ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza. Ni studio ya kundi: wasanii wanaoishi na kufanya kazi hapo ndio wanaotundika. Kwa hiyo ni pa kuona na kujifunza namna kundi linavyojiendesha, si pa kupeleka furushi lako ukitarajia ukuta. Kabla yake kulikuwa na Ivuka Arts, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Collin Sekajugo, ambaye mwaka 2022 aliiwakilisha Uganda kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, pamoja na Acaye Kerunen, na banda lao likapewa tuzo ya kutajwa kwa heshima. Tanzania ilipata banda lake la kwanza Venice mwaka 2024, na mmoja wa walioonyesha ni Lute Mwakisopile, fundi wa chapa za mbao, yaani picha zinazochapwa kwenye karatasi kwa ubao uliochongwa.

Chapa za mbao zinamfaa sana mtu wa mkoani. Ubao mmoja unatoa nakala nyingi, karatasi ishirini ni nyepesi kuliko turubai moja, na nakala ikiharibika njiani unayo nyingine. Ziandike namba kwa penseli chini, 3/20, 4/20, na ukishazifikisha ishirini usichape tena.

Njia na mpaka

Kwenda Dar, treni ya reli ya zamani kutoka Kigoma hupita Tabora hadi Dodoma na kuendelea. Unaweza kushukia Dodoma na kupanda treni ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma na Dar mwaka 2024. Stesheni hizo mbili hazipo pamoja, kwa hiyo tenga nauli ya gari na mtu wa kukushikia bomba ulilofungia picha. Kwenda Kigali, barabara ni ya Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, kisha Rusumo. Kwenda Kampala unanyoosha kutoka Nyakanazi kupita Biharamulo na Bukoba hadi Mutukula. Mtu wa Tabora atapitia Nzega na Kahama hadi Nyakanazi.

Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa. Mtanzania asitegemee kitambulisho cha NIDA mpakani; abebe pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja, jambo linaloharibu miadi nyingi.

Rwanda pia imepiga marufuku mifuko ya plastiki, na mizigo hukaguliwa. Picha iliyozungushiwa nailoni inaweza kufunguliwa hapo Rusumo, ikabaki wazi kwenye vumbi. Funga kwa kitambaa cha pamba na boksi la karatasi tangu nyumbani.

Kama kazi zinakwenda kuuzwa, fahamu kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo yenye thamani isiyozidi dola 2,000. Uliza ofisi ya forodha ya mpaka huo kama kazi za sanaa zimo kwenye orodha yake, na ubebe nakala tatu za orodha ya kazi zako yenye bei. Vinyago na sanamu za mbao, pita kwanza ofisi ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, ya wilaya yako ujue kibali kinachotakiwa.

Kufunga picha ili ifike ilivyo

Hapa ndipo kazi nyingi za mikoani hufia. Turubai kubwa ivuliwe kwenye fremu na ikunjwe kwenye bomba la maji taka la inchi 4. Ikizidi upana wa mita moja na nusu, tumia la inchi 6. Upande wenye rangi ukae nje. Wengi hukunja rangi ikiwa ndani wakidhani wanailinda, lakini rangi ikikaa ndani inabanwa na kujikunja, na picha ikifunguliwa mistari ya nyufa hubaki. Ikikaa nje inavutika kidogo tu, na akriliki inavumilia mvutano.

Akriliki iachwe wiki mbili baada ya kiharusi cha mwisho cha brashi. Rangi ya mafuta isikunjwe kabla ya miezi sita, na yenye tabaka nene isikunjwe kabisa. Enameli ya Tingatinga hupasuka. Isafirishe ikiwa bapa katikati ya mbao mbili laini. Vanishi usipake kabla ya safari: joto la ndani ya basi huilainisha ikashikana na karatasi.

Kati ya picha na picha weka karatasi ya kuokea mikate, ile isiyoshika, kisha kitambaa. Gazeti lisiguse rangi, wino wake unahama. Usifunge kwa kamba nyembamba, inaacha pete. Tumia vipande vipana vya nguo. Toboa tundu dogo kwenye kila kifuniko cha bomba ili unyevu utoke. Kwa picha zenye weupe mwingi, vaa glavu za pamba: alama ya kidole chenye mafuta haionekani siku ya kwanza, huja kugeuka njano baadaye.

Fremu ya ndani beba vipande, ukiandika namba kwenye kila kona ili mbao zirudi palepale. Mninga wa Tabora ni mzuri na hauchezi ovyo, ila ni mzito, na ukipigiliwa msumari bila kutobolewa kwanza unaweza kupasuka. Kwa fremu inayosafiri, msonobari uliokauka unatosha. Kinyago kilichochongwa kwenye mti mbichi kitapasuka kikiingia ukumbi wenye kiyoyozi, kwa hiyo pakaa nta kwenye ncha za mti na ukiache kikauke kivulini kwa miezi kabla ya kukipeleka.

Picha za kutuma, na karatasi za kusaini

Anayechagua ataiona kazi yako kwenye simu kabla ya kitu kingine chochote. Piga picha saa mbili hadi saa tatu asubuhi, kivulini, barazani. Jua la jioni la ziwani ni zuri kwa macho lakini linatia manjano kwenye kila rangi. Simu iwe sawa na katikati ya picha, bila flashi, kingo zote nne zionekane, na upande mrefu usipungue pikseli 3,000. Vipimo andika kwa sentimita, urefu wa kwenda juu kwanza, kisha upana.

Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mapema. Afisa utamaduni wa halmashauri yako atakuelekeza. Kisha soma mkataba kabla ya bomba kuondoka Kigoma. Nyumba za biashara kwa kawaida huchukua asilimia 40 hadi 50 ya bei, na hiyo si dhuluma, maana zinalipia ukumbi, taa, wageni na matangazo. Dhuluma hutokea kwenye yale yasiyoandikwa: nani analipa usafiri wa kurudi, fedha zinalipwa siku ngapi baada ya mauzo, nani anabeba hasara picha ikipotea au ikilowa, punguzo la bei linakatwa upande wa nani, na kazi zinakaa hapo hadi tarehe gani. Siku 30 baada ya mauzo ni muda wa haki kudai. Bei yako iwe moja kila mahali. Ukiuza nyumbani Mwanga, Kigoma, kwa nusu ya bei iliyoandikwa Kampala, nyumba ya Kampala itakuacha, na itakuwa na sababu.

Nyuma ya kila turubai, kwenye mkunjo wa pembeni, andika kwa penseli jina lako, jina la kazi, mwaka na vipimo. Kalamu ya wino mzito hupenya turubai na baada ya muda hutokeza upande wa mbele. Piga picha ya mgongo huo pia, uitume pamoja na orodha, na udai saini ya aliyeipokea siku bomba linapofunguliwa mbele yake.